Kusoma Fizikia Lubumbashi: Mwongozo wa Miaka Mitatu ya Lisansi

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeshika diploma ya taifa mkononi, akaandika "physique" kwenye fomu ya kujiandikisha, na usiku wa siku hiyo usingizi ukamgomea. Mimi nilikuwa hivyo. Nimekulia Katuba, nimesoma fizikia hapa hapa Lubumbashi, mwaka wa kwanza nikaurudia, nikamaliza, na leo nafundisha sekondari. Jumamosi wanafunzi wa mwaka wa kwanza huja nyumbani na madaftari yao. Kila mwaka sura ni mpya na makosa ni yale yale, tena mengi ni yangu ya zamani. Nimechoka kuyaeleza kwa mdomo, acha niyaandike.

Kwanza, jua mlango unaouingia

Fizikia si politekniki. Politekniki inakufundisha kujenga mashine na kuiendesha. Fizikia inakufundisha kuuliza kwa nini mashine ile inakubali kufanya kazi, halafu kupima jibu lako. Ukitaka kuwa injinia wa migodi, nenda politekniki moja kwa moja. Nimewaona wengi walioingia fizikia kama chumba cha kusubiria, na chumba hicho hakina viti. Ukitaka kufundisha, angalia pia ISP, chuo cha ualimu, maana kule ualimu unafundishwa pamoja na somo lenyewe.

Jambo la pili ni majina ya vyeti, kwa sababu yanaleta ugomvi nyumbani. Shangazi aliyesoma zamani anajua graduat ya miaka mitatu, kisha lisansi ya miaka miwili juu yake. Siku hizi tuko kwenye mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora): lisansi ni miaka 3 na kredi 180, yaani 60 kwa mwaka, halafu masta miaka 2, halafu doktora. Mweleze mapema anayekulipia minervali, yaani ada ya chuo, asije akadhani umepata lisansi "ya haraka" au umefukuzwa katikati ya njia.

Kabla ya kulipa chochote, nenda sekretarieti ya idara uombe orodha ya masomo pamoja na kredi zake. Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, si wa mwisho. Wa mwisho ameshasahau maumivu. Muulize swali moja tu: TP (kazi za vitendo za maabara) zipi mlizifanya kwa mikono yenu, na zipi mlizisoma kwenye karatasi? Jibu lake litakuonyesha ni vifaa gani utalazimika kujitengenezea.

Miezi miwili ya kukarabati hesabu

Interogasio, yaani jaribio la darasani, yangu ya kwanza ya mekanika nilipata 4 juu ya 20. Swali lilihusu kibao kinachoteleza kwenye mteremko. Sheria za Newton nilikuwa nazo kichwani kwa Kifaransa, bila koma kuanguka. Kilichonishinda ni kujua wapi pa kuweka sini na wapi pa kuweka kosini. Nilibahatisha, nikakosea, na kila mstari uliofuata ukarithi kosa hilo.

Kwa hiyo kiangazi kabla ya masomo kuanza, kaa chini na kalamu, bila simu, ujipe dakika 20 kwa mambo haya. Kutoka T = 2π√(L/g), itoe g ibaki peke yake. Geuza kilomita 72 kwa saa kuwa mita kwa sekunde. Tatua milinganyo miwili yenye x na y. Gawanya vekta iliyoinama digrii 30 katika vipande viwili, cha ulalo na cha wima. Chora sini ya x, na chini yake uchore derivativu yake bila kuandika fomula. Tafuta integrali ya x² kutoka 0 hadi 3. Ukikosa mawili, au dakika zikikuishia katikati, una kazi ya miezi miwili, na ni afadhali uifanye sasa kuliko Desemba.

Kuhusu sini na kosini kwenye mteremko, usikariri. Ulaze mteremko kabisa, pembe iwe sifuri. Kibao hakisukumwi popote, kwa hiyo nguvu inayokiteremsha lazima iwe sifuri. Kati ya sini na kosini, ni ipi inayokuwa sifuri pembe ikiwa sifuri? Basi. Ujanja huu wa kukipeleka kitu kwenye mwisho wake, pale jibu linapojulikana hata na mtoto, utakuokoa mpaka mwaka wa tatu.

Lugha tatu katika kichwa kimoja

Profesa anafundisha kwa Kifaransa, wewe unafikiri kwa Kiswahili, na ubaoni kuna lugha ya tatu ambayo si hii wala ile. Hapa ndipo wengi wanapotelea bila kujua wamepotea.

Chukua neno "travail". Kwetu ni kazi. Kijana wa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, anabeba mfuko wa unga wa kilo 25 kichwani, anatembea mita mia mbili mahali tambarare, anafika akivuja jasho. Amefanya kazi? Mama muuza unga atasema ndiyo, na atamlipa. Fizikia itasema uzito wa mfuko haukufanyiwa kazi yoyote, kwa sababu nguvu inaelekea juu na mwendo unaelekea mbele. Kazi aliifanya pale tu alipouinua kutoka chini. Jasho ni la misuli yake inayokaza na kulegea, hiyo ni hesabu nyingine.

Neno "uzito" ni baya zaidi, maana kwa Kiswahili cha nyumbani linabeba "masse" na "poids" kwa mpigo. Masi ya mfuko ule ni kilo 25, hapa na mwezini. Uzito wake hapa Lubumbashi ni karibu nyutoni 245, na mwezini ni kama sehemu moja ya sita ya huo. Nilichofanya mimi, baada ya kurudia mwaka, ni kuwa na daftari dogo la maneno ya namna hii: kushoto neno la Kifaransa, kulia sentensi nzima ya Kiswahili inayolieleza kwa kitu ninachokijua. Tafsiri ya neno kwa neno haina faida. Ukishindwa kuandika ile sentensi, neno hilo hujalielewa hata kama unalitamka kama mtu wa Brussels.

Kiingereza kitakuja baadaye, na kitakuja kwa nguvu. Anza taratibu mwaka wa pili.

Zoezi moja, kutoka mwanzo hadi mwisho

Wanafunzi wengi husoma suluhisho la zoezi kama wanavyosoma habari: wanaelewa kila mstari, wanafunga daftari, wanajisikia vizuri. Kesho yake hawawezi kuanza. Fizikia inaingia kupitia mkono. Ningekuwa na ruhusa ya kutoa shauri moja tu, ni hilo. Mazoezi matatu kwa siku, karatasi nyeupe, jibu limefunikwa.

Acha nionyeshe ninavyotaka lifanyike, kwa swali nililomletea mama yangu jikoni: inahitajika makala (makaa) kiasi gani kuchemsha lita 5 za maji kwenye mbabula, jiko letu la makala?

Kabla ya fomula, chora. Sufuria, maji, makala, mishale ya joto. Mishale mingine inaingia kwenye maji, mingine inaenda pembeni, mingine juu. Andika unachokijua na kipimo chake: maji kilo 5, joto la kuanzia digrii 20. Joto la mwisho? Ukiandika 100 umenakili silabusi, yaani maandishi ya somo, ya mtu wa pwani. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na maji yanachemka kwenye digrii 96 hivi. Kwa hiyo tofauti ni 76.

Kila kilo ya maji inadai jouli 4,186 ili kupanda digrii moja. Zidisha: 5 × 4,186 × 76, unapata kama jouli milioni 1.6. Kilo moja ya makala makavu inatoa karibu jouli milioni 30. Gawanya: kilo 0.053. Gramu 53, konzi ndogo ya mkono.

Nilimpelekea mama jibu hilo. Aliniangalia kama mtu aliyepotezewa minervali. "Njoo upike wewe na hizo gramu zako." Tulipima kwa mizani ya muuza samaki: maji yalichemka baada ya makala kama gramu 400 kuungua. Wote wawili tulikuwa sahihi. Hesabu yangu ilidhani joto lote linaingia kwenye maji, na mbabula ya bati inapasha kwanza uwanja na miguu ya anayepika. Gawanya 53 kwa 400, unapata asilimia 13. Huo ndio ufanisi wa mbabula ile, namba ambayo haikuwa kwenye swali na ambayo ni ya maana kuliko jibu lenyewe.

Mwishoni kabisa angalia vipimo. Kama upande wa kushoto ni jouli na upande wa kulia ni jouli kwa sekunde, usiendelee mbele hata kama namba inapendeza. Halafu jiulize kama jibu lina akili. Nimesahihisha karatasi ambapo gari lilienda haraka kuliko mwanga, na mwanafunzi akalipigia mstari mara mbili chini.

TP: usipike data

Sasa tufike pale ninapotaka kukaa zaidi.

TP ya kwanza kwa kawaida ni pendulamu. Uzi, jiwe, saa. Unapima urefu L, unapima muda wa mzunguko T, unatoa g. Na karibu kila ripoti ninayoonyeshwa inamalizika kwa g = 9.81. Nikiuliza, "Mlipataje 9.81?" wanatazamana.

Hiyo 9.81 ni ya vitabu vilivyoandikwa Ulaya, ambako inafaa: kwenye latitudo ya Paris ndivyo ilivyo. Sisi tuko digrii 11 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Dunia imetuna kidogo kiunoni, inazunguka, na juu ya hayo mji wetu umepanda mita 1,200. Ukiweka yote kwenye hesabu, g ya Lubumbashi ni karibu 9.78. Kwa hiyo kikundi kilichopata 9.81 kamili kwa uzi na saa ya mkononi kimepima Paris kikiwa Lubumbashi.

Lakini usikimbilie kuandika 9.78 nawe, huo utakuwa udanganyifu wa aina ya pili. Tazama kipimo chako kinaweza kuona nini. Uzi wa mita 1.00 kamili unarudi kila sekunde 2.009 kama g ni 9.78, na kila sekunde 2.006 kama g ni 9.81. Kwa mizunguko 20, ni sekunde 40.18 dhidi ya 40.12. Tofauti ni sehemu 6 za mia za sekunde. Kidole chako kwenye saa kinachelewa au kuwahi kwa sekunde 0.2 hivi, zaidi ya mara tatu ya tofauti unayoitafuta. Kwa mizunguko 20, jibu la kweli ni 9.8, pamoja na kosa la kipimo la 0.1 huku na huku. Andika hivyo, bila haya. Asista (msaidizi wa profesa) mwenye akili atakupa alama zaidi kuliko aliyeandika tarakimu nne.

Ukitaka kutenganisha Paris na Lubumbashi, hesabu mizunguko 200. Sasa ni 401.8 dhidi ya 401.2, tofauti ya sekunde 0.6, na kidole chako bado kina kosa la 0.2 tu. Inaonekana! Ila hapo mambo mengine mawili yanaamka. Urefu: kosa la milimita 3 kwenye mita moja linatosha kufuta kila kitu, kwa hiyo pima hadi katikati ya jiwe, si hadi fundo la uzi, na upime wakati jiwe linaning'inia, maana uzi unavutika. La pili ni pembe. Ile fomula nzuri ni ya pembe ndogo. Ukiachia jiwe kwenye digrii 10, mzunguko unarefuka kwa karibu sehemu 2 za elfu, na kwenye sekunde 401 hiyo ni robo tatu ya sekunde. Imemeza tofauti yote. Achia kwenye digrii 5 au chini.

Mimi na mwenzangu tulifanya hivi kwenye mlango wa nyumba ya kupanga, uzi wa mshipi wa kuvulia na nati nzito ya gari, usiku, ili upepo usitusumbue. Mara mbili tulipoteza hesabu kwenye mzunguko wa mia na kitu kwa sababu jirani aliuliza tunafanya uchawi gani. Mara ya tatu tulipata 9.77, na kosa la 0.02. Mpaka leo sijawahi kufurahia namba nyingine hivyo.

Kwa hiyo, kila TP: daftari lenye kurasa zilizoshonwa, kalamu ya wino, kila namba inaandikwa pale pale inaposomwa, hata ile mbaya. Ukikosea, piga mstari mmoja ili iendelee kusomeka. Grafu kabla ya kuondoka maabara, si nyumbani, maana nokta iliyotoka nje ya mstari unaweza kuipima upya ukiwa bado na kifaa. Na kama kifaa kimeharibika, kama ilivyotutokea sisi kwenye TP ya optiki ambapo lenzi moja ilizunguka vikundi sita, andika kwenye ripoti kwamba hukupima. Kunakili namba za mwaka uliopita kunakuzoesha kitu ambacho hakitaishia chuoni.

Umeme, simu na megabaiti

Umeme utakatika. Panga mambo mawili: yanayohitaji kalamu kwa saa za giza na tochi, yanayohitaji mashine kwa saa za mwanga.

Simu yako ni maabara ndogo. Programu ya phyphox, inayotolewa bure na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inasoma vihisi vilivyomo ndani ya simu: mchapuko, usumaku, sauti, kwenye simu nyingine hata kanieneo ya hewa. Majaribio ya kuigiza ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yanaweza kupakuliwa mara moja na kutumika bila intaneti, na mengine yana Kiswahili. Yapakue usiku kwa furushi la bei nafuu, kisha wagawie wenzako. Jifunze Python tangu mwaka wa kwanza, hata kwenye simu. Mwaka wa tatu hakuna atakayekufundisha, utadaiwa tu.

Kikundi, asista, na kubloka

Kikundi kizuri ni cha watu watatu au wanne. Wakifika saba, wawili wanafanya kazi na watano wanahudhuria. Sheria yetu ilikuwa hii: kila mmoja anakuja na mazoezi aliyojaribu peke yake, na anayeeleza ubaoni ni yule aliyeshindwa, si aliyeweza. Anayeweza anakaa kimya mpaka aulizwe. Inachosha, inaudhi, inafundisha.

Asista usimwendee na "sijaelewa silabusi". Mwendee na karatasi yenye mistari minane na useme, "Kiongozi, mpaka hapa niko salama, mstari wa tano ndipo ninapokwama." Anayekuja hivyo husaidiwa hata na asista mkali, kwa sababu umeshamfanyia nusu ya kazi. Nenda siku za kawaida, si wiki ya mwisho ambapo korido imejaa.

Halafu kubloka, yaani kujifungia kusoma kabla ya mitihani. Najua desturi: wiki tatu kabla ya sesheni ya mitihani, kahawa, miguu kwenye beseni la maji baridi, silabusi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa masomo mengine labda. Kwa fizikia, mtu anayebloka hivyo huingia kwenye mtihani akiwa na fomula zote na bila njia. Ukilazimika, geuza mpango: usisome, fanya. Tafuta maswali ya miaka iliyopita, jifungie kwa muda wa saa nne kama mtihani wenyewe, kisha fungua silabusi pale tu ulipokwama. Na ulale. Nilipoteza somo zima la termodinamika kwa sababu usiku wa kuamkia mtihani sikulala, nikabadilisha alama ya kujumlisha kuwa ya kutoa kwenye mstari wa pili.

Ukienda sesheni ya pili, si msiba. Omba kuiona karatasi yako kama utaratibu unaruhusu, na ujue kosa lilikuwa la hesabu, la lugha au la fizikia yenyewe. Dawa zake ni tofauti.

Mwaka wa pili na wa tatu

Mwaka wa pili ni ukuta wa elektromagnetiki. Mpaka hapo ulihesabu vitu vinavyoonekana, sasa kuna uwanja katika kila nokta ya hewa. Shika mfano mmoja mkubwa uutumie mwaka mzima. Wangu ulikuwa ule mstari wa umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, uliowashwa 1982 kwa kilovolti 500 za mkondo mnyoofu. Kwa nini volti nyingi hivyo? Kwa sababu ukiongeza volti mara mbili kwa nguvu ile ile, mkondo unapungua nusu, na joto linalopotea kwenye waya linabaki robo. Hilo ni la mwaka wa kwanza. Lakini kwa nini mkondo mnyoofu, wakati nyumba zetu zinatumia wa kubadilikabadilika? Chukua hertzi 50 na kasi ya mwanga: wimbi moja lina urefu wa kilomita 6,000. Robo yake ni 1,500. Mstari wetu ni mrefu kuliko robo ya wimbi, kwa hiyo huwezi tena kuufikiria kama waya wa kawaida. Volti za mwisho wake hazifuati kwa utulivu volti za mwanzo wake. Nilipoiona hesabu hiyo, mistari mitatu tu, milinganyo ya Maxwell iliacha kuwa mapambo ya ubaoni.

Mwaka wa tatu utakutana na kwanta, fizikia ya takwimu, atomu na kiini chake. Kwenye kwanta usisubiri kuielewa ndipo uhesabu. Hesabu, uelewa utakuja nyuma ukiwa na viatu mkononi. Aljebra ya mstari uliyoidharau mwaka wa kwanza ndiyo itakayokubeba.

Kwa kazi ya mwisho, chagua kitu unachoweza kukipima hapa hapa. Nguvu ya jua kwenye paneli wakati wa vumbi la kiangazi na baada ya mvua ya kwanza. Ukinzani wa waya za shaba zinazouzwa sokoni, kuona kama kweli ni shaba. Ufanisi wa mbabula tatu tofauti. Wanafunzi wengi wanavutwa na urani, na naelewa: Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya 1945, na Kinshasa iliwasha riakta ya kwanza ya nyuklia Afrika mwaka 1959. Ni historia yetu na ni fizikia halali. Ila usiende kuokota mawe na kuyaweka chini ya kitanda ili "kuyapima". Urani yenyewe inaoza polepole mno, nusu-maisha yake ni miaka bilioni 4.5, lakini pamoja nayo kuna radiumu na gesi ya radoni, na chumba cha mwanafunzi hakina dirisha la kutosha. Omba kufanya kazi hiyo chini ya mtu mwenye kifaa na kibali.

Baada ya hapo

Hutakuta ofisi yenye kibao "Anatafutwa mwanafizikia". Jiandae kujitafsiri. Wenzangu wa darasa wako kwenye maabara za migodi wakisoma spektra za miale ya X kwenye sampuli za madini, kwenye mawasiliano ya simu, kwenye kampuni za sola, na wengi wetu shuleni. Aliyejua kupanga programu na kuandika ripoti safi alipata kwanza, bila kujali alama.

Kwa anayetaka kuendelea, milango ipo na haidai uwe na mjomba. Kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, kilianzishwa Trieste, Italia, mwaka 1964 na Mpakistani Abdus Salam, kwa ajili hasa ya watu wa nchi kama zetu. Kina diploma ya mwaka mmoja yenye ufadhili. Kigali kuna tawi lake la Afrika Mashariki, EAIFR, pamoja na AIMS Rwanda yenye masta ya sayansi za hisabati. Shule ya Afrika ya Fizikia, iliyoanza 2010 Afrika Kusini, huhama kutoka nchi hadi nchi. Wote watataka alama zako, barua za walimu wawili au watatu wanaokujua kwa sura, na Kiingereza. Barua ya mwalimu huiombi mwaka wa tatu. Unaianza mwaka wa kwanza, kwa ile karatasi yenye mistari minane.

Kazi ya kuanzia

Kama hujaanza bado, kuna TP moja isiyohitaji maabara. Simika fimbo nyoofu kwenye uwanja tambarare, ihakikishe wima wake kwa uzi wenye jiwe. Tarehe 23 au 24 Oktoba jua linapita juu kabisa ya utosi wa Lubumbashi, na kivuli cha fimbo kinatoweka. Si saa sita kamili: ni kama saa 5:54, kwa sababu saa zetu zinafuata longitudo ya digrii 30 na sisi tuko 27 na nusu, na kwa sababu Dunia haiendi mwendo mmoja mwaka mzima na mhimili wake umeinama. Anza kuandika urefu wa kivuli saa 5:30, kila dakika tano, kwa wino. Wingu likikuharibia, jaribu tena karibu na 18 Februari. Safari hiyo itakuwa kama saa 6:24, na swali la kuja nalo Jumamosi ni kwa nini kuna nusu saa katikati.